Bibi harusi, mwambie dereva wako asimame

Mtaani kwetu hapa Mtwara alama za barabarani zimebadilishwa. Pale tulipozoea kupita moja kwa moja sasa kuna alama ya kutoa nafasi, na zebra imechorwa karibu na madrasa. Ijumaa tuliona msafara wa harusi ukipita kwa honi na matarumbeta bila kusimama. Watoto wenye juzuu mikononi wakarudi nyuma mbio.

Mtume (SAW) alitufundisha kuwa kuondoa udhia njiani ni sehemu ya imani. Harusi haimpi mtu ruhusa ya kuuleta. Kwa hiyo dada, ukikodi gari, mwambie dereva mapema: alama ni mpya, tusimame. Dakika moja haiharibu shela wala piko. Tusianze ndoa kwa kumtisha mtoto wa mwenzetu.