Dawa au Sumu?

Utitiri humfyonza nyoka damu chini ya magamba. Huko Marekani, na zamani Ulaya pia, baadhi ya wafugao chatu nyumbani wamekuwa wakining'iniza karibu na vizimba vipande vya plastiki vyenye diklovosi. Mvuke wake huua utitiri kwa kuvuruga neva zake. Nyoka naye ana neva. Kizimba kikikosa hewa, au bakuli la maji likiachwa humo likanasa mvuke huo, huanza kutetemeka, na akilazwa chali hawezi kujigeuza.

Mimi si daktari wa mifugo. Kazi yangu ni maneno, na hapo ndipo penye wasiwasi wangu. Dawa ya kikohozi, dawa ya kupe, dawa ya mbu: zote kwetu ni dawa. Ivamektini imtoayo ng'ombe minyoo humuua kobe. Pamethrini ambayo mbwa huistahimili humwangamiza paka. Asomaye "dawa" hutarajia uzima, na mgonjwa akikawia kupona, huongeza kipimo.

Kwa nini basi wauzaji wasilazimishwe kuandika kwenye chupa, kwa Kiswahili na kwa herufi kubwa, neno SUMU, pamoja na jina la mnyama asiyepaswa kupakwa?