Usiache Mfereji Wazi Usiku

Kila mwaka mwezi wa Juni unapofika, ukungu hushuka juu ya mashamba yetu ya skimu huku nyanda za juu, na wenye mabwawa ya samaki huanza kulalamika. Tilapia hawali, hawakui, na wengine wanaonekana wakielea wamekufa. Husemwa kwamba chakula ni kibaya, au kwamba vifaranga vilikuwa dhaifu tangu mwanzo. Maoni yangu ni mengine. Mara nyingi kosa ni letu wenyewe: twafungua maji ya mfereji yaingie bwawani usiku na mchana, tukidhani twawasaidia samaki.

Nasema hivi kwa sababu mimi pia nilifanya kosa hilo. Julai moja niliacha bomba wazi wiki nzima. Siku ya nne nilimwaga chakula, wala hakuna samaki aliyekuja juu. Baadaye wengine walionekana na kitu cheupe kama pamba mwilini. Hiyo ni kuvu, nayo huwashika samaki waliodhoofishwa na baridi. Nilipoteza samaki wengi, na fedha za karo nilizozitegemea zikapotea pamoja nao.

Yafaa tukumbuke kwamba tilapia ni samaki wa maji ya joto. Hukua vizuri maji yakiwa na digrii 25 hadi 30 za sentigredi. Yakishuka chini ya 20 hula kidogo, yakikaribia 16 huacha kula, na yakifika 10 au 11 hufa. Samaki hajipashi joto mwilini kama ng'ombe. Joto lake ni lile la maji anamokaa. Na mito itokayo Nyandarua au Mlima Kenya ni baridi hata mchana.

Wako majirani wanaonijibu kwamba maji yanayotembea ndiyo maji safi. Kwa trauti ni kweli, na ndiyo sababu trauti hufugwa penye maji baridi kama Kiganjo karibu na Nyeri. Lakini tilapia si trauti. Maji yanayopita bwawani bila kukoma huondoa joto la jua la mchana kutwa. Huondoa pia ule ukijani unaoletwa na samadi, ambao ni chakula cha bure cha samaki.

Tupige hesabu kwa madebe. Changanya madebe 9 ya maji ya bwawa yenye digrii 22 na debe 1 la maji ya mto yenye digrii 12. Utapata digrii 21, na samaki hatadhurika. Lakini ukichanganya madebe 5 kwa 5 utapata digrii 17, na samaki wataacha chakula chako kioze. Bwawa la mita 300 za mraba, lenye kina cha mita moja, lina lita 300,000 hivi. Sehemu ya kumi, yaani lita 30,000, yatosha kwa wiki moja, nayo iingizwe kidogo kidogo kwa siku kadhaa.

Kwa hiyo nashauri mambo manne.

Kwanza, fungua maji saa nane mchana, ufunge saa kumi, jua likiwa bado na nguvu. Usiku bomba lifungwe.

Pili, toa maji ya chini, si ya juu. Maji baridi ni mazito, hukaa chini pamoja na uchafu. Livike bomba la kutolea maji bomba jingine pana, lenye matundu chini, na ncha yake ya juu ipite usawa wa maji. Hivyo baridi itatoka, na joto litabaki.

Tatu, punguza chakula siku za baridi. Chakula kisicholiwa huchafua maji, kisha utalazimika kuyabadili tena.

Nne, nunua kipimajoto. Pima asubuhi na alasiri mahali pamoja, uandike katika daftari.

Liko jambo moja la kuangalia. Ukiona samaki alfajiri wakipumua juu ya maji kwa shida, fungua maji mara moja, maana kukosa hewa huua upesi kuliko baridi. Wakitulia, funga.

Tena tusisahau wenzetu walio chini ya mfereji. Maji tunayoyaacha yapite usiku kucha bila faida ndiyo ambayo ng'ombe wao na mboga zao huyakosa asubuhi. Kufunga bomba jioni ni kazi ya dakika moja. Atakayeifanya kila siku tangu Juni hadi Agosti atavua samaki, na jirani yake atapata maji. Haba na haba hujaza kibaba.