Frigo, televisheni, batri: nyota tano za Ulaya hazijui umeme wa Kivu

Tangu tarehe 21 mwezi wa kumi 2024, Marekani inakataza kuuza ao kununua maoni ya uongo juu ya bidhaa. Uingereza nayo iliweka katazo la namna hiyo tangu mwezi wa nne 2025. Habari hizo zinaweza kuonekana kuwa mbali na maisha ya Kivu. Lakini kabla ya kutoa pesa ya frigo, televisheni ao batri ya sola, wakaaji wengi wa Goma, Bukavu na Butembo wanafungua kwanza simu na kutazama nyota ambazo wanunuzi wa nchi zingine wamekipa kifaa hicho. Je, nyota hizo zinawaongoza ao zinawapoteza?

Swali ni zito sababu mashariki mwa Kongo kosa la kununua halirudishwi. Mnunuzi wa Paris ao London aliyeagiza kwa intaneti ana siku 14 za kubadili mawazo, hata bila kueleza sababu. Frigo iliyotoka Dubai ao China, ikapita Mombasa ao Dar es Salaam mpaka butiki ya Birere ao Kadutu, ikishaingia nyumbani imeingia. Mara nyingi pesa yake ni ya likelemba ya miezi mingi. Na kwa mama anayeuza maji baridi, samaki ao maziwa, frigo ikikufa, mtaji umekufa pamoja nayo.

Nyota zinazonunuliwa

Shida ya kwanza ni uongo. Mwaka wa 2022, Tume ya Ulaya na wakaguzi wa nchi mbalimbali walitangaza matokeo ya uchunguzi wa tovuti kubwa 223 zinazoonyesha maoni ya wanunuzi. Kwa tovuti 144, hawakuweza kuhakikisha kwamba wenye tovuti wanafanya vya kutosha ili maoni yawe ya kweli. Mwaka huohuo, Amazon iliwapeleka mahakamani wasimamizi wa makundi zaidi ya 10,000 ya Facebook. Iliwashitaki kwamba walikuwa wanatafuta watu wa kuandika sifa, na kuwalipa kwa pesa ao kwa bidhaa za bure.

Sheria mpya za Ulaya na Marekani zinapambana na biashara hiyo, lakini hazifiki kwenye kundi la WhatsApp la muuzaji wa Goma anayepitisha picha ya nyota tano bila kuonyesha zimetoka wapi. Picha kama hiyo haina uzito wowote. Isipoonyesha namba kamili ya modeli, inaweza hata kuwa ya kifaa kingine chenye jina hilohilo la kampuni.

Maoni ya kweli, ya nyumba nyingine

Hata pale maoni ni ya kweli, yanaeleza nyumba ya mtu mwingine. Anayeandika kutoka Ujerumani ana umeme wa volti 230 usiku na mchana. Bukavu inategemea SNEL na mabwawa ya Ruzizi. Goma, SNEL inagawana wateja na makampuni ya binafsi kama Virunga Energies. Katika mitaa mingi umeme unakatika, unarudi kwa nguvu, ao unashuka jioni wakati kila nyumba inapika. Motere ya frigo ikizimwa ghafla inahitaji dakika chache kabla ya kuwaka tena. Ikilazimishwa mara kwa mara, inaungua. Mnunuzi wa Ujerumani hana sababu ya kuandika juu ya jambo hilo, maana halijamfikia.

Mashini za kufua zinaonyesha tofauti hiyo wazi zaidi. Ile inayopata nyota nyingi Ulaya inajijaza maji yenyewe kutoka bomba lenye nguvu. Katika nyumba inayochota maji kwa bidoni, mashini hiyo ni sanduku tu. Ile ya matenki mawili, ambayo mtu anamimina maji kwa mkono, wazungu wanaiona kuwa ya zamani. Lakini hapa ndiyo inayofua.

Vifaa vya Marekani vina hatari yake. Kule umeme wa nyumba ni volti 120. Kongo ni 220. Kifaa kilichosifiwa na Wamarekani elfu kumi kinaweza kuungua siku ya kwanza kama alama iliyo nyuma yake haisemi 100-240.

Cha kusoma ndani ya maoni

Hii haimaanishi kutupa maoni yote. Kwanza, nyota moja na mbili zinafundisha kuliko nyota tano. Sifa nyingi zinaandikwa juma la kwanza, wakati kila kifaa ni kizuri. Malalamiko ya mtu aliyetumia mwaka mzima yanaonyesha mahali kifaa kinavunjikia. Watu ishirini wakilalamika juu ya piesi ileile, hiyo si bahati mbaya ya mtu mmoja.

Pili, kuna vipimo vinavyofaa popote. Que Choisir ya Ufaransa na Which? ya Uingereza ni za mashirika ya kutetea wanunuzi, na zinapima vifaa katika maabara. Ufaransa, tangu mwezi wa kwanza 2021, televisheni na mashini za kufua zilipewa alama juu ya 10 ya urahisi wa kutengeneza: je, kifaa kinafunguka, piesi zinapatikana, bei yake ni gani? Kwa mji ambamo kila kitu kinatengenezwa, alama hiyo ina faida kuliko uzuri wa picha.

Tatu, karatasi iliyobandikwa kwenye frigo inasema mengi. Herufi N inamaanisha imetengenezwa kwa joto la nyumba lisilopita digrii 32. ST inafika 38, na T inafika 43. Goma na Bukavu, kwenye mita karibu 1,500, N inaweza kutosha. Uvira, Kalemie ao Kindu, heri kutafuta T. Herufi za matumizi ya umeme zinadanganya bila kutaka: Ulaya ilibadilisha kipimo mwezi wa tatu 2021, na frigo iliyoitwa A++ zamani inaweza kuitwa E leo. Namba ya kilowati-saa kwa mwaka ndiyo inayofaa kulinganishwa. Frigo ya 200 kwa mwaka inaomba zaidi kidogo ya nusu kilowati-saa kwa siku, na anayetumia sola anaweza kuanzia hapo kupiga hesabu ya batri.

Kwa taa na vifaa vidogo vya sola, mpango wa VeraSol unapima bidhaa na kutangaza bure orodha ya zilizofaulu.

Anayejua zaidi hana tovuti

Hata hivyo, maoni yenye thamani kubwa hayaandikwi popote. Yako kwa fundi wa mtaa, ambaye anajua ni frigo gani zinarudi kwake kila mwezi, piesi gani inapatikana na ipi inabidi kungojewa kutoka Kampala. Kumuuliza mafundi wawili ao watatu ambao hawauzi vifaa ni bora kuliko kusoma kurasa kumi.

Sheria nayo ipo. Dekreti ya tarehe 30 mwezi wa saba 1888 juu ya mikataba, ambayo ingali inatumika Kongo, inamlazimisha muuzaji kujibu juu ya kasoro zilizofichika za kitu alichouza. OCC ina kazi ya kukagua ubora wa bidhaa zinazoingia. Lakini haki hiyo haitembei bila ushahidi: fakitire yenye tarehe, namba ya modeli, na garanti iliyoandikwa kwa siku ao miezi. Muuzaji anayekataa kuandika vitu hivyo ametoa maoni yake mwenyewe juu ya bidhaa yake.

Kinachokosekana ni daraja kati ya ujuzi wa mafundi na mfuko wa mnunuzi. Chama cha mafundi, redio ya mtaa ao shirika la kutetea wanunuzi linaweza kuandika kila mwezi ni vifaa gani vilivyoletwa vikiwa vimekufa, na kwa sababu gani. Kazi hiyo haiombi maabara, inaomba daftari. Mpaka ianze, familia za Kivu zitaendelea kulipia masomo ambayo jirani alishayalipia mwaka uliopita.