GOTI LILILOSHONWA LISINGOJE TAREHE YA NAIROBI



Mwenzetu mmoja, hamali wa hapa Garissa, aliumia goti akipakia lori, akaenda kushonwa Nairobi. Siku ya tisa tangu kupasuliwa goti lilivimba likawa moto, na usiku homa ikampanda. Kliniki moja ya mtaani ikampa vidonge na kumwambia angoje, kwa kuwa tarehe yake ya kurudi Nairobi ilikuwa bado wiki tatu. Tajiri wake naye akasema ruhusa ya ugonjwa imekwisha. Wote wawili walikosa, lakini kosa la kwanza ndilo lililomponza.

Mimi si daktari, ila jambo hili nimeliuliza sana. Ndani ya goti mna vipande viwili vya gegedu vyenye umbo la mwezi mwandamo, madaktari huviita meniskasi. Huchanika mtu akigeuka na gunia mgongoni huku goti limekunjwa. Ukingo wa nje hupata damu, ndiyo sababu ukishonwa huweza kupona. Usaha kuingia gotini baada ya kushonwa ni nadra, pungufu ya mtu mmoja katika mia. Lakini ukiingia hula gegedu kwa siku chache, haungoji wiki tatu. Nao haujulikani kwa kutazama tu. Sharti daktari achome sindano safi, avute maji ya goti, na maabara wahesabu chembe nyeupe na kuotesha vijidudu. Tena maji yavutwe kabla ya dawa, kwa maana vidonge huweza kuvificha vijidudu maabarani bila ya kuvimaliza gotini. Mwenzetu alipofika hospitali kubwa, goti lilioshwa. Leo halikunji, naye ni mlinzi wa lango kwa mshahara mdogo.

Shavu la mguu nalo likivimba na kuuma, huenda damu imeganda. Hupimwa kwa ultrasaundi. Kumpakia mtu huyo katika basi, akae kilomita 370 hivi mpaka Nairobi kabla hajapimwa, ni hatari, kwani damu hiyo yaweza kupanda mapafuni. Na ndugu yetu wa Mandera, mwenye safari ya kiasi cha kilomita 1,000, afanyeje?

Goti linalonasa au kulegea miezi baadaye, pengine mshono umefumuka. Hilo laweza kungoja mpasuaji, maana eksirei haionyeshi meniskasi, na hata picha ya sumaku hutatiza: kovu hufanana na mchaniko. (Wanaosali wasione haya kusali juu ya kiti mpaka daktari awaruhusu kukunja goti.)

Sheria ya Fidia kwa Majeraha ya Kazini ya mwaka 2007 yamtaka tajiri alipe gharama za matibabu zinazostahili, na safari pia, kwa aliyeumia kazini. Basi mkataba wetu ujao utamke wazi kwamba aliyeshonwa goti akipata homa au uvimbe, aende hospitali yenye maabara siku iyo hiyo, mshahara usikatwe. Tena kila anayetoka kupasuliwa apewe barua ya kueleza kilichoshonwa na simu ya mpasuaji, ili daktari wa huku asibahatishe.

Nimemwomba karani aliweke jambo hili katika mkutano ujao wa tawi.

Mwanachama, Garissa