Nyakati za Fikra Zisiitwe kwa Majina ya Watawala

Barabara ya kutoka Tanga kwenda Pangani hupita Machui, ikapita Tongoni, ikafika Kigombe. Upande wa Machui, kijijini Vibambani, ndiko alikozaliwa Shaaban Robert mwaka 1909. Tongoni kuna magofu ya msikiti na makaburi ya Waswahili wa karne nyingi nyuma. Usomi wa pwani hii vitabu vya shule vimeukata mafungu matatu: kabla ya ukoloni, wakati wa ukoloni, baada ya uhuru. Hayo ni majina ya serikali. Watu walifikiri nini, waliandika kwa hati gani, walibishana juu ya nini, hayasemi.

Mchukue Hemedi bin Abdallah al-Buhriy, mshairi wa huku huku Tanga. Utenzi wake wa vita vya Wadachi kuitamalaki Mrima unajulikana pamoja na mwaka wake, 1307, yaani wa Hijra. Aliuandika kwa hati za Kiarabu, katika bahari iliyokwisha kukomaa Pate tangu Utendi wa Tambuka wa 1728, na vita anavyovisimulia ndivyo vya Abushiri, kiongozi wa upinzani dhidi ya Wadachi (Wajerumani), aliyenyongwa Pangani Desemba 1889. Tumtie fungu lipi? Mkoloni yumo katika habari yake, lakini elimu, kalamu na hesabu ya miaka ni vya Mrima.

Shaaban Robert naye aliandika Kufikirika mwaka 1946. Kikachapishwa 1967, yeye akiwa kaburini miaka mitano, mwaka ule ule wa Azimio la Arusha. Ukifuata mwaka wa kuandikwa ni kitabu cha ukoloni. Ukifuata wa kuchapishwa kinaangukia ujamaa. Swali lake, elimu ni ya nini, halikungoja bendera yoyote.

Ulaya nako, walioishi katika Enzi za Kati hawakujua kuwa wako katikati. Jina walibandikwa na waliokuja baadaye, wakijiona bora. Mwanafalsafa Kant, kinyume na watu wa Enzi za Kati, aliujadili Mwangaza mwaka 1784 akiwa ndani yake.

Ndiyo maana toleo hili linapendekeza majina yatokanayo na kazi yenyewe: enzi ya hati za Kiarabu; enzi ya magazeti, tangu Habari za Mwezi la Magila na Kiongozi la Tanga hadi Mambo Leo la 1923. Zitapandana, na ziachwe zipandane. Mwalimu wa sekondari atauliza mtihani utajibiwaje, na ana haki. Kwa ajili yake kila makala humu inataja mwaka wa kuandikwa, mwaka wa kuchapishwa, na hati iliyotumika.