Kingamwili za maabara nazo zinaweza kukuuzia uongo

Ukiuziwa chaja feki mtaani, utajua kabla ya jua kuzama. Simu haijai, unarudi kwa muuzaji, mnapigizana kelele, basi. Sasa fikiria kichupa kidogo chenye bei ya simu nzuri, kinachoweza kudanganya wanasayansi miaka na mikaka bila mtu kushtuka. Hiyo ndiyo kingamwili ya maabara.

Ngoja nikueleze. Seli zako za kinga zikimaliza kazi, nyingi hujiua kwa mpangilio, kama majani yanavyopukutika. Ndiyo maana mwaka 1972 wanasayansi waliipa hali hiyo jina la asili ya Kigiriki, apoptosisi. Zikikataa kufa, zinaweza kuushambulia mwili wenyewe au kugeuka saratani. Zikifa kupita kiasi, kama seli za CD4 za mtu mwenye HIV asiyetumia dawa, hata ugonjwa mdogo unakulaza.

Kujua seli inakufa vipi, watafiti hutumia kingamwili inayonasa protini moja tu, kwa mfano kaspasi-3 iliyokatwa, ishara kwamba seli inajimaliza. Na hizi vitu zina nguvu, msee! Mwaka 1989, timu moja Japani na nyingine Ujerumani zilieleza kingamwili ambazo zikigusa seli fulani, seli zinajiua. Hivyo ndivyo swichi ya kifo iitwayo Fas ilivyofichuka.

Shida inakuja kingamwili ikinasa protini isiyo yake. Picha inatoka safi, jibu ni la uongo. Mwaka 2023, kundi la YCharOS lilitoa matokeo ya kupima kingamwili 614 za protini 65 mbalimbali. Kwa wastani, kila protini ilikuwa na makala kama 12 ya kisayansi yaliyotumia kingamwili isiyoitambua kabisa. Kumi na mbili!

Usiseme hayo ni ya ng'ambo. Wakenya zaidi ya milioni moja wanaishi na HIV, na utafiti wa seli zao unategemea vichupa hivyo, vingi vikiagizwa kutoka nje. Mwanafunzi anayejilipia utafiti akiuziwa mbovu, doo imeenda, mwaka umeenda, na mgonjwa bado anangoja.

Dawa ipo. Chukua seli iliyoondolewa hiyo protini, weka kingamwili. Ikiendelea kung'aa, inakudanganya. Baada ya matokeo ya YCharOS, wauzaji waliondoa sokoni baadhi ya zilizofeli. Kumbe wakibanwa wanasikia.

Kwa hivyo vyuo vyetu na wafadhili wasitoe hata ndururu kwa kingamwili isiyo na ushahidi huo. Na wewe, ukiambiwa "utafiti unaonyesha", uliza: mliipima kwa seli isiyo na hiyo protini? Mimi niliacha chuo katikati, na bado swali hilo naliweza. Hata wewe unaliweza.