Hata Leba Ana Haki ya Kuuaga Mji

Wiki hii nimeitwa mtumwa aliyependa minyororo yake. Nimeambiwa nimelipwa na Waarabu. Kuna mmoja ameniuliza kama jua lilinipiga hadi akili ikayeyuka. Yote haya kwa sababu nilisema, kwa sentensi moja tu, kwamba nimeimisi Doha na kwamba iliniuma kuiacha.

Basi kaeni chini wasee, maana naona sentensi moja haikutosha.

Nilikaa Doha miaka minne na miezi miwili. Nilikuwa soja. Simaanishi jeshi, ni soja wa lango: sare, redio, buti nyeusi, kusimama masaa kumi na mawili. Nilifika 2021, mji ukiwa vumbi na kreni kila kona. Usiku wa fainali ya Kombe la Dunia, tarehe 18 Desemba 2022, nilikuwa ndani ya uwanja wa Lusail. Argentina na Ufaransa, tatu kwa tatu, kisha penalti. Watu wakisikia hivyo wananiambia nilibahatika. Soja wa uwanjani anaupa mpira mgongo, bana! Kazi yako ni kutazama watu. Yale magoli sita niliyaona kwenye nyuso. Goli la pili la Mbappé nililijua kwa sababu mzee mmoja wa Argentina aliketi chini polepole akajifunika uso kwa skafu, kama mtu aliyepigiwa simu ya msiba.

Hiyo ni kumbukumbu yangu. Nimeilipia. Sitamwachia mtu mwingine aniambie ni ya aibu.

Hoja yenu naielewa, na si hoja ya kijinga. Mnasema Ghuba imewaua watu wetu. Kweli. Mnasema dada zetu wamerudi JKIA kupitia sehemu ya mizigo, ndani ya sanduku. Kweli. Mnasema kafala ni utumwa uliovaa tai. Hapo mimi naongeza chumvi kabisa, kwa sababu nimeishi ndani yake: mwajiri ndiye mdhamini wako, na uhalali wako wa kuwa nchini uko mfukoni mwake. Qatar ilibadilisha sheria, hilo pia tuseme. Mwaka 2018 wafanyakazi wengi waliondolewa sharti la kuomba ruhusa ya mwajiri ili kutoka nchini, na 2020 wakaondoa sharti la kupata kibali chake ili kuhamia kazi nyingine. Machi 2021 mshahara wa chini ukawa riyali 1,000 kwa kila mtu, hata mfanyakazi wa nyumbani. Lakini sheria iko kwa karatasi, na mimi nilikuwa kwa kempu. Chumba chetu kilikuwa cha watu wanane. Supavaiza wetu alikuwa ananyanyua simu mbele yako na kukuuliza kama unataka ampigie mtu wa tikiti. Ni tishio, na kila mtu alilielewa.

Kwa hivyo msinifundishe ubaya wa mahali nilipolala.

Shida yangu ni pale mnaporuka kutoka hapo na kusema: kwa hivyo huna haki ya kuupenda mji. Tangu lini mwajiri akawa ndiye mji? Mkenya akidhulumiwa na bosi Industrial Area ya Nairobi, kuna mtu anamwambia akome kuipenda Nairobi?

Doha ya bosi wangu mimi siijui. Yangu ilianza Ijumaa asubuhi. Niulizeni kwa nini Ijumaa. Ni kwa sababu Jumapili ni siku ya kazi, kwa hivyo hata makanisa kule yanajaa Ijumaa, kwenye lile eneo la Mesaimeer walilotengewa Wakristo. Hadi leo hapa Nakuru, Ijumaa ikifika mwili wangu unatafuta shati safi. Baada ya ibada ni metro, riyali mbili, baridi ya kiyoyozi kama Limuru mwezi wa Julai. Unabadilisha treni Msheireb. Unashuka Souq Waqif, unanunua karaki, ile chai yao ya maziwa na iliki, unatembea nayo hadi Corniche. Pale unakaa ukutani unaangalia majahazi yamewashwa taa za rangi, na ng'ambo ile Makumbusho ya Sanaa ya Kiislamu ambayo I. M. Pei aliichora akiwa mzee tayari, ikafunguliwa 2008. Sikuwahi kulipa kuitazama kutoka nje. Halafu unampigia mama. Saa ya Doha na saa ya Kenya ni moja, mnajua hilo? Kukiwa saa moja jioni kwangu ni saa moja jioni kwake. Nilikuwa nasikia mwadhini wa kwangu na taarifa ya habari ya kwake kwa wakati mmoja.

Kuna kinyozi kutoka Kerala aliyeninyoa miaka mitatu bila kuniuliza ninataka nini. Kuna Mnepali wa kitanda cha juu aliyenifundisha kupika dengu. Niliwaaga wote wawili, na nitawaambia kwa nini hilo ni jambo kubwa.

Kwanza angalieni nani anaruhusiwa kuaga. Mwaka wangu wa mwisho nililinda lango la mtaa wa wageni wenye pesa: walimu, mainjinia, watu wa mafuta. Yule anaitwa ekspati. Mimi naitwa leba. Wote tumekuja kwa viza ya kazi, wote tutaondoka, kwa sababu pale wenyeji ni kama mmoja tu kati ya watu kumi. Lakini ekspati akiondoka, kuaga kwake kunachukua mwezi mzima. Sherehe ya kwanza, sherehe ya pili, safari ya mwisho jangwani, picha ya mwisho mbele ya ile Makumbusho ya Taifa inayofanana na waridi la jangwani. Nimefungua lango usiku wa manane nikiwapisha watu wanaolia na kukumbatiana. Anaandika barua ndefu ya mapenzi kwa mji, na dunia nzima inamwambia, pole, utaizoea nyumbani. Hakuna anayemwita mtumwa. Hakuna anayemuuliza kama ameleta pesa ya ploti.

Mimi nikisema sentensi moja, mnaniuliza nimelipwa na nani.

Sasa tuje kwa lile linaloniudhi kuliko hata nyinyi. Leba haagi kwa sababu hapewi nafasi, na kutopewa nafasi hakutokei kwa bahati mbaya. Ni biashara.

Jamaa mmoja wa Bungoma, tuliyeshea naye chumba, aliitwa ofisini saa kumi jioni akiwa kwenye zamu. Akaambiwa kandarasi imeisha, ndege ni usiku huo, basi linakuja saa tano. Masaa saba! Nguo zake zilikuwa kwa dobi. Kuna mtu alikuwa na deni lake la riyali 600, na mtu huyo alikuwa zamu ya usiku upande wa Al Wakrah. Akaunti ya benki ilikuwa bado wazi. Kuhusu kiinua mgongo aliambiwa asijali, kitatumwa. Huyo jamaa aliaga watu kwa kuwapigia simu akiwa kwenye foleni ya uwanja wa ndege, mpaka laini ikaisha salio.

Hesabu yenyewe ni hii. Sheria ya kazi ya Qatar ya mwaka 2004 inasema ukimaliza mwaka mmoja au zaidi, unadai angalau wiki tatu za mshahara wa msingi kwa kila mwaka uliofanya. Kwa mshahara wa riyali 1,000 hiyo ni kama riyali 700 kwa mwaka. Miaka minne ni riyali 2,800. Piga kwa shilingi zetu, ni karibu laki moja. Sasa zidisha na wanaume arobaini waliobebwa na basi moja usiku mmoja. Mnaona sasa kwa nini basi linakuja usiku? Mtu aliye Doha anaweza kwenda kwa kamati ya migogoro ya kazi, anaweza kukaa pale kwenye kiti cha plastiki hadi waseme naye. Mtu aliyeketi Bungoma ana namba ya simu tu, na upande wa pili wameibloku. Jamaa wangu sai ni mwezi wa tisa anapiga.

Ndiyo maana nilipoambiwa ndege yangu ni kesho yake, nilikataa kutia sahihi. Nilisema kwa heshima, kwa Kiingereza changu cha Nakuru, kwamba nitapanda ndege yoyote wanayotaka siku pesa ikishaingia na cheti changu cha kazi kikiwa mkononi. Walinitisha siku moja, wakaninyamazia siku mbili, siku ya nne pesa ikaingia. Na hizo siku ndizo nilizotumia kuaga. Nilifunga akaunti. Nilimpa Mnepali sufuria yangu. Nilienda kwa kinyozi nikanyolewa, akakataa pesa. Niliketi Corniche hadi usiku. Afisa wa uhamiaji aligonga pasipoti, akaniambia “ma'a salama”, na nikajikuta nacheka peke yangu, kwa sababu salama ni letu pia, na hata kheri iliyo ndani ya kwaheri tulichukua kwao.

Kuaga kwangu na haki yangu vilikuja kwa siku zile zile nne. Huwezi kunipa kimoja ukaninyima kingine. Anayewaambia maleba wasiwe na hisia na mji, watoke tu kimya kimya na haraka, anaimba wimbo wa supavaiza bila kujua.

Na kwa wale mnaodhani anayeupenda mji atanyamazia uovu wake, nawapa jina moja: Malcolm Bidali. Soja kama mimi, Mkenya. Aliandika kuhusu maisha ya mfanyakazi Qatar kwa jina la kubuni la Noah. Mei 2021 akakamatwa, akazuiliwa karibu mwezi mzima, baadaye akatozwa faini ya riyali 25,000. Piga hesabu hiyo kwa mshahara wa soja. Sitamsemea alivyohisi alipoondoka Agosti ile, hilo ni lake. Ninachosema ni kwamba asiyejali mahali hahangaiki kuandika lilivyo chumba chake na basi lake la kazini. Kinachonyamaza ni kutojali, na kutojali ndiko mnakonipendekezea.

Nyumbani nako si mbali na huko. Niliposhuka JKIA swali la kwanza la mjomba lilikuwa, “Umekuja na nini?” Sijamlaumu, ndivyo tulivyofundishwa. Serikali inauliza hivyo hivyo, ila kwa lugha ya Benki Kuu: mwaka 2024 walio nje walituma karibu dola bilioni 4.9. Tunasherehekea hiyo namba kila mwezi kama goli. Vijana wanapangwa foleni uwanjani kwa ajili ya kazi za majuu, viongozi wanapiga picha. Lakini mtu akirudi, hakuna meza hata moja pale uwanja wa ndege inayomuuliza: ulilipwa kila kitu? Cheti chako kiko wapi? Ulipewa siku ngapi? Wanaoulizwa maswali ni wale wenye televisheni kwenye mkokoteni, na hao wanaulizwa na watu wa ushuru. (Mnakumbuka kelele za 2023 kuhusu zile dola 500. Basi.)

Nikipewa dakika mbili na hao wanaoenda Ghuba kusaini mikataba ya wafanyakazi kwa niaba yetu, sitaomba mengi. Nitaomba siku saba. Siku saba kati ya zamu ya mwisho na ndege, kitanda chako bado ni chako, pasipoti mkononi, pesa yote kwa akaunti kabla ya siku ya tatu. Zilizobaki mtu afanye atakavyo. Alale. Adai deni. Aende ufukweni akapige picha kama ekspati. Wataniambia ni gharama. Chakula na kitanda cha wiki moja kwa mtu aliyesimama juani miaka minne ni gharama gani, nionyesheni hiyo risiti.

Mpaka hapo mkataba utakapokuwa hivyo, kwa wewe unayesafiri mwezi huu na ajenti ameshakuambia usiulize maswali mengi: uliza. Piga picha kila ukurasa wa kandarasi, umtumie mtu wa nyumbani. Andika siku ya kuanza kazi mahali ambapo simu ikipotea haitapotea. Wakikuletea karatasi inayosema umelipwa yote, na pesa haijaingia, usiitie sahihi hata kama basi liko nje linapiga honi.

Na ukiwa na Ijumaa moja ya mwisho, shuka Msheireb, nunua karaki, utembee hadi majini. Ukirudi na uwakute hawa watu wa wiki hii, waelekeze kwangu. Bado nina maneno.